Methali ya damu na somo la damu: nani kashawahi kuzifundisha pamoja?

Chaki_Mkononi:
Wakuu habari. Nafundisha Kiswahili kidato cha 3, mi na mwenzangu wa Biolojia tumekubaliana kipindi kimoja kwa wiki tuingie darasani wote wawili, yeye na ukurasa wake wa sayansi mi na fasihi simulizi, watoto waone binadamu tunategemeana kweli, si maneno ya kwenye hotuba tu. Wiki jana tukaanza na damu. Nikaandika ubaoni "Damu nzito kuliko maji", mwenzangu akaja na makundi ya damu A, B, AB na O, tukajua hapa mambo yatashikana vizuriii. Sasa kuna binti anakaa nyuma kabisa, hata jina huwa nalisahau maana haongei, akanyoosha mkono. Mwalimu, mimi ni A mdogo wangu ni B, baba mmoja mama mmoja, kumbe hatuwezi kupeana damu, ila huyu nnayekaa naye ni O, hata kwao sikujui, anaweza kunipa. Sasa hiyo methali inasemaje? Darasa likapiga meza, mi nimesimama tu. Nisaidieni, kipindi kijacho nirudi na nini?

mgosi_wa_ndima:
Hahaa binti kakuweza. Kosa lako uliingia na methali moja kama vile wahenga walikuwa mtu mmoja. Mbona kuna "Undugu ni kufaana si kufanana"? Ziweke zote mbili ubaoni zigombane, we kaa pembeni. Halafu wakumbushe zamani watu wasio ndugu walikuwa wanachanjiana damu, wanachanja kidogo wanalambana au wanapaka kwenye nyama wanakula, toka siku hiyo ni ndugu na huwezi kumuoa dada yake. Maana yake wazee walijua undugu unaweza kutengenezwa. (Ila wasije wakajaribu huko bwenini, mwenzako aelezee homa ya ini na UKIMWI hapo hapo.)

MtuwaMaabara:
Mimi niko maabara. Binti yuko sahihi, na baba wa A akiwa amebeba O iliyojificha kwa ndani na mama wa B vilevile, wanaweza kupata watoto wa makundi yote manne nyumba moja. Kabla Landsteiner, daktari wa Austria, hajagundua makundi ya damu mwaka 1901 mtu alikuwa anaongezewa damu kwa kubahatisha, anapona au anakufa na hakuna anayejua kwa nini. Huyo O nae mtazame vizuri, anawafaa wote ila akiumwa yeye anapokea ya O tu (hapo sijaingiza habari za O chanya na O hasi).

Ila kitu nnachokiona kila siku ni hiki. Mama anahitaji damu, mtoto wake anakuja mbio kutoa, tunapima, haiendani na ya mama. Hatumrudishi. Tunamtoa damu, ikishapimwa ikaonekana salama inaingia kwenye friji, mama anapewa mfuko mwingine ambao ulitolewa na mtu hamjui, labda mwanafunzi, na ule wa kijana unaenda kwa mgonjwa ambaye nae hatamjua. Kilichomleta kijana ni methali yako ya kwanza. Ilikoenda damu ni hiyo ya mgosi.

Mama_Watatu:
Naomba kitu kimoja walimu, msiwatume watoto nyumbani kuuliza baba damu gani mama damu gani. Mtoto wa O akirudi na jibu kwamba baba yake ni AB, ambaye kwa kawaida hazai O, mtakuwa mmevunja nyumba ya watu kwa ajili ya homuweki. Tumieni familia ya kubuni.

Chaki_Mkononi:
Mama_Watatu asante, kweli tulikuwa tumepanga kuwatuma, tumefuta. @MtuwaMaabara hilo la friji naligeuza insha: waandike safari ya mfuko mmoja, mfuko ndo usimulie. Na mwenzangu ataleta glasi, maji matupu ni O, mekundu A, bluu B, ya zambarau AB. Ukimimina matupu kwenye mekundu rangi inabaki, ukimimina mekundu kwenye matupu imeharibika. Nilitaka nitumie juisi ya rosela na bluu ya kufulia kupunguza gharama, akanicheka, anasema rosela ikikutana na hiyo bluu inaweza kugeuka rangi yenyewe. Basi kesho naenda kutafuta rangi za keki.