Naomba ushauri: nataka kuchora wenzangu wa kazini kwenye maboksi ya matunda

Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni. Niko Marekani, jimbo la Washington upande wa mashariki kwenye matofaa (apple), nafanya kazi ya kupaki na wenzangu wengi ni Wameksiko. Nachora tangu niko Morogoro, sasa juzi kati nimekutana na kazi za mchoraji Narsiso Martinez aisee zimenishika vibaya. Ni mzaliwa wa Oaxaca kule Meksiko, kaja Marekani akiwa na miaka 20, akawa anachuma matofaa hukuhuku Washington ili alipie chuo kule Long Beach, California. Anachukua maboksi matupu ya supamaketi anawachora wavunaji kwa mkaa na wino, wengine anawawekea dhahabu kama watakatifu wa kanisani, halafu nembo ya kampuni anaiacha palepale pembeni ya mtu aliyejifunga kitambaa puani. Yaani unamuona aliyekuchumia tunda lako.

Mimi nataka kuanza na mama mmoja wa laini yetu, ana glavu zimekatwa vidole, mikono inakimbia balaa. Amekubali. Ila wapo wengine hawana makaratasi, nikichora sura inayotambulika si nitawaponza? Na nikiificha naona kama nawafuta kabisa, roho inaniuma. Nyie mngefanyaje? Picha ikiuzwa wapewe kiasi gani?

Halafu boksi nikipaka rangi ya maji linajikunja, nipake nini kwanza, na ni pande zote mbili? Mwenye uzoefu anisaidie tafadhali, msimu ukiisha wengi wanahama.