Diablo ya kwanza (1996): tupeane uzoefu wa kuifufua

Mlandege_Kongwe
Asalaam aleykum. Naona CD za Diablo, lile gemu la kompyuta, zimeanza kutolewa makabatini na kila mtu anauliza kivyake. Tukusanye hapa. Nasema ile ya kwanza, leveli 16 chini ya mji wa Tristram: nne za kanisa, nne za makaburi, nne za mapango, nne za Jahanamu. Aliye na lolote aweke: kuiwasha, kumkabili Butcher (yule shetani mkubwa wa mwanzo), na yale yanayoua watu kijinga.

Yakhe_wa_Kikwajuni
Butcher! Ile sauti mlango ukifunguka tu, mtu mzima anaruka kitini.

fundi_Darajani
Kuiwasha kwanza, maneno baadaye. Programu iliyomo kwenye CD imetengenezwa kwa kioo cha 640 kwa 480 na rangi 256. Kwenye Windows 7 rangi zinavurugika kwa sababu explorer.exe, programu ya Windows inayoonyesha dawati, nayo inazigombania. Achaneni nayo, chukueni DevilutionX, programu mpya ya kuchezea Diablo hiyo hiyo kwenye mashine za leo, haiuzwi. Kwenye CD mnahitaji faili moja tu, DIABDAT.MPQ. Ikopi, iweke folda moja na DevilutionX, washa.

Tazama ukubwa wa faili kabla hujalaumu mtu. Nzima inapita megabaiti 500. CD iliyochubuka husita katikati, na MPQ iliyokatika haifunguki, maana orodha ya vilivyomo kwa kawaida imo mwishoni mwa faili. Safisha CD kwa kitambaa laini kutoka kati kwenda ukingoni, usizungushe, kisha jaribu kwenye kisomeo kingine. Ukipewa faili iitwayo spawn.mpq ya megabaiti 25 hivi, hiyo ni ya kuonjesha: mhusika mmoja tu, Warrior wa upanga, na leveli mbili za mwanzo.

Bi_Shangani
Kwenye simu je?

fundi_Darajani
Android inakubali. Iweke faili hiyo hiyo ndani ya Android/data/org.diasurgical.devilutionx/files. Simu nyingine haikuruhusu kuigusa folda hiyo ukiwa kwenye simu yenyewe. Chomeka waya, ipitishie kwenye kompyuta.

CD_ya_Asili
Mnakimbilia mapya tu. Programu ya asili inacheza vizuri kwenye Windows 7: fungua Task Manager, izime explorer.exe, kisha washa gemu. Rangi zinakaa sawa.

Yakhe_wa_Kikwajuni
Halafu Tristram unatembea kama unayesubiri boti iliyochelewa. DevilutionX ina chaguo la kukimbia mjini na la kuokota dhahabu yenyewe. Wewe baki na asili yako.

CD_ya_Asili
Nabaki.

Mkaa_Wete
Turudi kwa Butcher. Yuko leveli ya 2, chumba kimoja kimejaa maiti, mlango mmoja. Ana nguvu, lakini hajui kufungua mlango wala kuzunguka ukuta. Kwa hiyo kabla hujamfungulia, tafuta penye ukuta wa nondo. Mtoe, mvute mpaka pale, simama upande wa pili. Atakung'ang'ania hapo hapo kwenye nondo, nawe unamtia mishale mpaka aanguke. Rogue, mhusika wa upinde, anafanya hivi bila kuguswa. Mwenye Warrior anunue upinde wowote kwa Griswold, mhunzi wa mjini, kwa kazi hii moja. Ukizidiwa, panda ngazi. Hakuna jini wala shetani anayekufuata kwenye ngazi.

Bi_Shangani
Kwangu leveli ya 2 nimeizunguka yote, hayupo. Faili mbovu?

Mkaa_Wete
Faili nzima. Ukicheza peke yako, kati ya visa vitatu, cha Butcher, cha bango la Ogden na cha Gharbad, kila mchezo unachagua viwili. Wewe vyako vimekuwa hivyo vingine. Anza mchezo mpya na mtu wako yule yule wa kwenye gemu. Leveli yake na vitu vyake vinabaki, ramani inachorwa upya. Lakini jua kwamba sevu ni moja kwa kila mtu. Ukisevu huo mpya, ule wa zamani umekwenda.

Yakhe_wa_Kikwajuni
Na usisevu ukiwa umezingirwa huna hati ya kurudi mjini! Hati ni dhahabu 200 kwa Adria, yule mchawi muuzaji, weka mbili daima.

pweza_Mkoani
Mnahangaika na Butcher, baya kuliko yote liko kwenye mchezo wa watu wengi. Mnaunganisha mashine, DevilutionX, TCP, mmoja anafungua mchezo na wengine wanaandika IP yake (anwani ya mashine), mlango 6112. Mko wanne, mko mapango ya chini. Mmoja anakufa. Huku hakuna kurudisha sevu: vyote alivyovaa vinamwagika sakafuni, na yeye anazinduka mjini mtupu. Itabidi ashuke vile vile, bila kofia wala ngao, akaokote katikati ya wale waliomuua. Wenzake wanakwenda kumsafishia njia, nao wanakufa. Sasa vitu vya watu wanne viko chini, rundo moja. Na hapo ndipo umeme unapokatika.

Basi. Kwenye mchezo wa wengi sakafu haisevuliwi. Gemu linamhifadhi mtu na alichonacho mwilini tu. Mashine zote zikizimika, rundo lile halipo tena popote. Angalau yule aliyeufungua mchezo awe kwenye laptopu yenye chaji, maana wengine wameungana na mashine yake.

Bi_Shangani
Subhanallah.

Yakhe_wa_Kikwajuni
UPS tu, ile betri ya akiba, yakhe. Dakika kumi zinatosha kuokota.

pweza_Mkoani
UPS ya mashine, na rauta je? Rauta ikizimika kila mtu anabaki peke yake. Tumieni hotspoti ya simu.

Mlandege_Kongwe
Umeme wa Pemba huo.

Mkaa_Wete
Loo! Nani huko Unguja alikaa gizani kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010? Sisi tulikuwa na majenereta yetu ya Wesha, tunawatazama.

Mlandege_Kongwe
Na mwaka huo huo mkavuta waya kutoka Tanga. Haya, tuache.

fundi_Darajani
Tuache kweli. Mfalme Leoric yuko leveli ya 3, ni mifupa: rungu linaongeza nusu ya madhara kwa wafu, upanga unapunguza nusu. Kwa wanyama ni kinyume chake, kwa hiyo msiuze upanga. Zombi waitwao Black Death wapigeni kwa mbali, kila pigo lao linakata pointi moja ya uhai wa juu na hairudi kwa dawa ya Pepin, tabibu wa mjini. Warrior asitengeneze silaha nzuri mwenyewe, kila akitengeneza uimara wa juu unapungua. Griswold anatoza lakini haupunguzi. Na madhabahu za Fascinating, Ornate na Sacred zinakula asilimia 10 ya mana (nguvu ya uchawi) moja kwa moja.

Yakhe_wa_Kikwajuni
Warrior ana mana ya nini? Gusa tu, upate uchawi wa bure.

fundi_Darajani
Na Sorcerer, anayeishi kwa uchawi?

Yakhe_wa_Kikwajuni
Sorcerer ajitazame.

Bi_Shangani
Nimeweka faili kwenye simu, inasema haioni kitu.

fundi_Darajani
Umeiweka kwenye Download. Soma tena juu.