Ati "mwakilishi wa skuli ya mwisho asimame tumpigie makofi"! Na mie nikasimama!

BabaWatano
Nnaandika kwa kidole kimoja, mkono unatetemeka, makosa ya herufi mtanisamehe.

Ndio kwanza natoka ukumbini Chake, Pemba, hata kanzu sijavua. Yule bwana leo kanimaliza. Simtaji, mnamjua. Yule mwenye miwani miwili, mmoja juu ya kichwa mmoja unaning'inia kifuani, na akitaka kusoma anamwita mtu amsomee. Yule akisema "kwa kifupi" unaweza kwenda kwako ukateka maji, ukapika wali, ukala, ukarudi ukamkuta bado yuko kwenye kifupi. Huyo huyo.

Tumeitwa watu wa kamati za skuli tuje "kujitathmini kwa upendo". Barua imesema hivyo, kwa upendo, ninayo mfukoni imeloa jasho. Tumekaa tangu saa mbili. Saa nne na nusu ndio sambusa zikapita, moja moja. Yangu nikaitia mdomoni nzima nzima, maana jirani yangu alikuwa anaitazama kwa jicho lisilo la kheri. Sasa hapo hapo, mdomo umejaa, ukutani likatokea jedwali la matokeo ya kidato cha nne. Skuli za serikali zote, toka juu hadi chini, kijani, manjano, nyekundu. Sisi tuko chini. Na si chini ya mchezo: chini yetu lilikuwepo jina la kijana aliyechapa jedwali, basi.

Akachukua kile kitaa chake chekundu, akakizungusha kwenye jina letu kama mtu anayetafuta pa kuchimba kisima. Kisha akasema, kwa sauti ya mshereheshaji wa harusi: "Mwakilishi wa skuli ya mwisho asimame tumpigie makofi."

Nikasimama jamani. Miguu ilinyanyuka kabla sijaiuliza. Sambusa mdomoni, mashavu kama bunju, siwezi kumeza siwezi kutema, pilipili imenipanda puani, machozi yananitoka, na ukumbi mzima unajua nalia. Bi mmoja wa safu ya mbele akanipa leso.

Na wakapiga! Makofi ya mpango, pa pa pa, pa pa pa, kama ya mtoto wa nasari aliyemaliza kuimba. Yamesikika mpaka Tanga. Nikitaka kukaa, yule bwana: "Bado, bado." Bado nini? Nimekuwa mnara wa taa?

Skuli ya kwanza kwenye lile jedwali inachukua watoto waliochaguliwa kwa mtihani wa darasa la sita. Sisi tunapokea waliobaki. Mwalimu wetu wa fizikia ndiye wa kemia, na Ijumaa ndiye khatibu. Lakini sitaki kuzungumza hayo, nnataka kuzungumza makofi. Mtu mzima, wajukuu wawili, nasimamishwa na sambusa mdomoni!

Nishaurini: niandike barua, nijiuzulu, au nihame kisiwa?

Mchokozi wa Gombani
Ya nyama au ya viazi? Tuanzie hapo kwanza.

Nilikuwepo
Ndugu zangu, mie nilikuwepo safu ya tatu. Huyu hasemi yote. Baada ya kusimama alipunga mkono. ALIPUNGA. Kama bwana harusi anashuka garini.

BabaWatano
Nilikuwa naomba maji!!

Nilikuwepo
Maji huombwa kwa mikono miwili na tabasamu?

Bi Mwalimu wa Kaskazini A
Kaka pole, lakini shukuru. Sisi huku Unguja tulifanyiwa kikao kama hicho na sambusa hatukuziona hata harufu. Tulipewa chupa moja ya maji watu wawili. Na wa kwetu yule (nyie mna wenu, sisi tuna wetu, sijui wanatengenezwa wapi) alitupanga viti kwa mfuatano wa matokeo. Skuli ya mwisho imekaa mlangoni. Kila anayekwenda chooni anakukanyaga mguu. Mie nimerudi nyumbani kidole gumba kimevimba.

BabaWatano
Kukanyagwa si sawa na kusimamishwa. Mie NILISIMAMA, bibi.

Maalim Takwimu
Naomba nichangie kitaalamu. NECTA wenyewe, yaani Baraza la Mitihani la Taifa, wameacha kutangaza skuli kumi bora na wanafunzi bora tangu matokeo ya kidato cha nne ya 2022, yaliyotoka Januari 2023. Na hata wakati wakizipanga, skuli zenye watahiniwa chini ya 40 zilikuwa na orodha yake mbali. Kwa hiyo kuweka skuli ya watahiniwa 18 kwenye jedwali moja na ya watahiniwa mia tatu si haki. Mtoto mmoja akiumwa tumbo siku ya hesabu, skuli ndogo yote inaporomoka.

Mchokozi wa Gombani
Maalim, umeulizwa ya nyama au ya viazi.

Kuku Mmoja
Samahani, kuna mtu anieleweshe. Hiyo GPA ya skuli, ule wastani wa pointi. Mwanangu kamaliza mwaka jana, nikafungua matokeo kwenye simu nikakuta skuli yetu 4.3, ile ya mjini wanayojisifia 2.1. Nikafurahi, nikamwita shemegi, nikachinja kuku. Mbona leo naambiwa sisi ndio wa mwisho?

Maalim Takwimu
Umechinja bure sheikh. Kwenye NECTA ndogo ndio nzuri. A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Ndio maana daraja la kwanza linaanzia pointi 7, yaani A saba, ukifika 34 na 35 ni sifuri.

Kuku Mmoja
Kuku ashaliwa.

Mtu wa Ngalawa
Nyie mnaozungumzia sambusa mna raha. Mie nasomesha kisiwani, navuka maji kila siku asubuhi. Upepo ukibadilika, kipindi cha kwanza hakuna mwalimu. Kipindi cha pili naingia suruali imeloa mpaka magotini, chaki imekuwa uji. Halafu matokeo yakitoka napangwa jedwali moja na mwalimu anayeshuka daladala mlangoni pa skuli. Hakuna safu ya bahari kwenye jedwali lao.

Bi Mwalimu wa Kaskazini A
Kaka wa ngalawa, njoo darasani kwangu uhesabu vichwa ndio useme nani ana raha. Nina mkondo wa asubuhi na wa mchana, dawati la watoto watatu wanakaa watano, anayeandika anainua kiwiko, wa pembeni anaanguka. Saa sita na nusu wa asubuhi wanatoka, wa mchana wanaingia, mlangoni pale utasema boti imefunga bandarini. Nikapoteza kiatu kimoja mwezi uliopita, sijakipata.

Mtu wa Ngalawa
Mie nimepoteza simu mbili baharini bibi, usinitajie kiatu.

Zamani Ilikuwa
Mimi nasema kila siku, kuharibika kumeanzia kwenye lugha. Sera ya elimu ya Zanzibar ya 2006 ikakata msingi kutoka miaka saba ikawa sita, na ikataka hesabu na sayansi darasa la tano zisomeshwe kwa Kiingereza. Mtoto jana anajua "usanisinuru", leo anaulizwa kitu kile kile kwa jina ambalo hata mwalimu analitamka akiwa amefumba macho. Sisi wakati wetu...

Mchokozi wa Gombani
Wakati wenu ulipata daraja gani, babu?

Zamani Ilikuwa
Wakati wetu hatukuulizana mambo hayo.

Mama Daftari
Mie langu dogo. Elimu bila malipo ilitangazwa 23 Septemba 1964, kila mwaka tunaisherehekea, watoto wanapiga gwaride juani. Sasa ile "michango ya hiari" yenye daftari la majina, na mtoto wako akiitwa mbele ya wenzake "mama yako hajahiari bado", hiyo ilitangazwa tarehe ngapi?

BabaWatano
Aliitwa mbele? Alisimama? Basi mama unaelewa ninachosema! Kusimama ndiko kunakouma! Lakini yeye hakuwa na sambusa mdomoni. Mie nilikuwa nayo.

Mchokozi wa Gombani
YA NYAMA AU YA VIAZI.

Nilikuwepo
Ya viazi. Nilikula nne.

BabaWatano
Nne? Sisi tuliambiwa moja moja! Nani kakupa nne?

Nilikuwepo
Nilikaa karibu na mlango wa jikoni. Mwenye akili hachagui kiti kwa kutazama jukwaa.

Bi Mwalimu wa Kaskazini A
Sambusa ya viazi mdomo ukajaa mpaka machozi? Kaka, hapo sasa hata mie nakucheka. Ile inayeyuka yenyewe.

Mkulima Hamsini Kasoro
Mnazunguka tu. Jawabu la Pemba mnalijua na hamlisemi. Mtihani wa kidato cha nne unaanza Novemba. Novemba karafuu ziko wapi? Ziko juu ya miti. Na mtoto yuko wapi? Yuko huko huko. Mie wangu mkubwa nilimwambia asome, akanambia baba pishi zangu saba za leo wewe utanilipa? Nikanyamaza. Nikamshikia tawi.

Maalim Takwimu
Hilo ni jambo la msingi sana. Mahudhurio ya msimu yangeingizwa kwenye jedwali...

Mkulima Hamsini Kasoro
Maalim, achana na jedwali. Mwaka huu huko kwenu zimeshakuwa nyekundu au bado? Huku kwetu Mtambwe zikichelewa siku mbili tu zinafunguka maua, bei inaanguka.

Mtu wa Ngalawa
Huku zimeanza. Tatizo mvua. Juzi nimeanika asubuhi, saa nane mbingu imefunga, tumezikusanya mbio mbio na watoto wa darasa zima. Kipindi cha jiografia kikaishia hapo.

Zamani Ilikuwa
Zamani mvua ilikuwa na adabu.

Mama Daftari
Msianike juu ya barabara lakini, zikipitiwa na gari zinavunjika na kuchanganyika na mchanga, mkifika kituo cha kuuzia mnarudishwa mnaanza kulia.

Kuku Mmoja
Mwenye jamvi la kuanikia la kukodi, maeneo ya Wete? Mie nalihitaji kuanzia kesho alfajiri. Nililonalo lilitoboka siku ile ya kuku.

Mchokozi wa Gombani
Ulichinjia kuku juu ya jamvi la karafuu? Na wewe ndiye unayetuuliza GPA?

BabaWatano
Ninayo mawili, moja jipya. Elfu tatu kwa siku, ukirudisha limeloa unaongeza elfu moja. Njoo baada ya sala ya alfajiri, mlango wa bati wa kijani, ugonge kwa nguvu.