Ikiwa kazi ya niuroni zuizi ni kuzuia, mdundo wa ubongo unatoka wapi?

Mwanafunzi wa Upanga

Habari za jioni, ndugu zangu. Ninasomea udaktari hapa Dar es Salaam na ninaomba ufafanuzi kuhusu niuroni zuizi, yaani zile seli za neva zinazotoa kemikali iitwayo GABA na kuzinyamazisha niuroni za jirani. Wiki hii tulioneshwa EEG, yaani kipimo cha umeme wa ubongo, ya mgonjwa aliyekuwa akitumia diazepamu, dawa inayoiongezea GABA nguvu, nami nilitarajia kuona mistari iliyotulia. Kinyume chake, hasa sehemu ya mbele ya kichwa, mistari ilijaa mawimbi madogomadogo ya kasi. Uzuiaji ukiongezeka, kwa nini tunapata mdundo badala ya ukimya?

Mwalimu wa fiziolojia, Mbezi

Daktari mtarajiwa, umeuliza jambo la msingi. EEG haioneshi tu kwamba niuroni zinafanya kazi. Inaonesha zaidi ni kwa kiasi gani maelfu ya niuroni yanapokea ishara kwa wakati mmoja. Kinachohitaji kuelezwa, basi, ni ulinganifu wa wakati, na hapo niuroni zuizi zina mamlaka makubwa kuliko idadi yake. Katika gamba la ubongo ni takriban moja kati ya kila tano, lakini seli moja ya kikapu, ambayo ni aina ya niuroni zuizi, katika hipokampasi (sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu) ya panya huweza kufikia zaidi ya seli 1,000 za piramidi, yaani niuroni kuu zinazochochea nyingine, tena huzishika kwenye mwili wa seli, karibu kabisa na mahali msukumo wa umeme unapoanzia.

Seli hiyo inaporusha msukumo, GABA hufungua milango ya kloraidi, yaani vijia vya kupitisha chembe za kloraidi kwenye utando wa seli, na seli zote hizo hunyamaza kwa milisekunde kadhaa. Kwa kuwa uzuiaji huo huzifikia pamoja, pia hufifia karibu pamoja, nazo hupata upenyo wa kurusha misukumo kwa wakati mmoja. Misukumo hiyo huiamsha tena seli ya kikapu, na mzunguko huanza upya. Anayepita makutano ya Morocco hapa Dar es Salaam jioni ameona jambo linalofanana na hili: magari yaliyofika kila moja kwa wakati wake huondoka kwa mkupuo askari anapoyaruhusu. Muda wa kila ukimya ndio unaochangia sana kupanga kasi ya mdundo.

Ushahidi ninaouthamini zaidi ni wa mwaka 2009, ambapo watafiti walichochea kwa mwanga seli zuizi zenye protini iitwayo parvalbumini, zikiwemo nyingi za kikapu, katika gamba la ubongo la panya, na mawimbi ya gama, yaani ya mizunguko kama 30 hadi 80 kwa sekunde, yakaimarika. Walipochochea seli za piramidi, yaliyoimarika ni mawimbi ya polepole. Kuhusu diazepamu, yenyewe haifungui milango ya kloraidi. Huifanya ifunguke mara nyingi zaidi GABA inapofika, hivyo mdundo hubadilika bila kuzimika.

Mtafiti, Kigamboni

Niongeze kwamba si niuroni zuizi zote zinazofanya kazi hiyo. Zenye kemikali iitwayo somatostatini hushika dendraiti, yaani matawi ya seli yanayopokea ishara, na kuchuja ishara kabla hazijafika kwenye mwili wa seli. Zenye kemikali nyingine, iitwayo VIP kwa kifupi, huzuia hasa hizo za somatostatini, kwa hiyo zinapoamka, seli za piramidi huachiwa huru. Ukitaka kujua matokeo kwa mtandao mzima, uliza kwanza seli husika imeshika nini.

Muuguzi wa watoto, Temeke

Shikamoo, Mwalimu. Jambo hili lina uzito wodini pia. Katika ugonjwa ulioelezwa na Charlotte Dravet wa Ufaransa mwaka 1978, mtoto huanza degedege katika mwaka wa kwanza, mara nyingi akiwa na homa. Wengi wao wana hitilafu ya jeni ya SCN1A, inayohusika na mlango wa sodiamu ambao niuroni zuizi huutegemea sana ili kurusha misukumo kwa kasi. Karbamazepini, ambayo huwasaidia wagonjwa wengi wa kifafa kwa kuziba milango ya sodiamu, mara nyingi huzidisha degedege kwa watoto hawa. Kwa hiyo mtoto mwenye historia ya degedege refu la homa, ambaye hali yake imekuwa mbaya zaidi baada ya kuanzishiwa dawa hiyo, apelekwe haraka kwa mtaalamu, na mzazi asiikatize dawa mwenyewe kabla ya kumwona daktari.