Cockatrice, Forge au XMage? Niko Arua, kaka yuko Kampala, bando ni la simu

Mwana_Arua:
Wakuu, salaam. Mimi na kaka yangu ni wachezaji wa siku nyingi wa Magic: The Gathering, ule mchezo wa kadi wa kupambana, kwa kadi za mkononi. Sasa kahamia Kampala kikazi, mimi nimebaki Arua. Nimeweka Cockatrice, programu ya kuucheza mtandaoni, kwenye laptopu ya mtumba yenye RAM GB 4, nikafungua seva humo humo kupitia hotspoti ya simu. Kaka akiweka anwani niliyompa, inazunguka weee, halafu inakatika. Bando linaisha hatujagawa hata kadi moja. Nihamie programu nyingine, Forge au XMage?

Fundi_Wandegeya:
Usihame, kosa si la programu. Kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Kaka yako akigonga poti (mlango wa mtandao) 4747, ambayo ndiyo ya kawaida ya seva ya Cockatrice, mtandao haujui ampeleke kwenye simu ya nani. Seva ya nyumbani inafaa mkiwa kwenye ruta moja. Ninyi ingieni seva ya umma, zimeorodheshwa pale pale kwenye dirisha la kuunganisha. Fungua meza, iwekee nywila, mtumie kaka peke yake.

MamaDeki:
Na kabla ya hapo, ingia kwenye mipangilio uzime upakuaji wa picha za kadi. Hizo ndizo zinazokula MB. Mchezo wenyewe hautumii kitu. Kadi isiyo na picha bado inaonyesha jina lake, na ukiielekezea kipanya unasoma maelezo yote pembeni. Tangu Julai 2021 kila bando tunalonunua hapa Uganda lina ushuru wa asilimia 12. Tulipie tena michoro ya mazimwi tunayoyajua kwa kichwa?

Mzee_wa_Gulu:
Mimi napinga kidogo. Cockatrice haijui sheria hata moja. Kadi unavuta mwenyewe kwa Ctrl+D, kadi za ardhi unalaza mwenyewe, pointi za uhai unapunguza mwenyewe kutoka 20. Mtu akishambulia na kiumbe aliyemwita zamu hiyo hiyo, bila uwezo wowote wa kumruhusu, programu inamtazama tu! Forge na XMage zinasimamia sheria. Tena Forge unapambana na kompyuta bila intaneti kabisa. Inataka programu ya Java, na kwa RAM hiyo funga kivinjari kwanza.

Fundi_Wandegeya:
Mzee wangu, jamaa kasema ni wachezaji wa siku nyingi. Refa wa nini?

Mwana_Arua:
Fundi, humjui kaka yangu 😂 Refa anahitajika sana. Lakini asanteni, jana usiku tumeingia seva ya umma, meza ikafunguka mara moja. Picha nimezima. Kaka kanipiga kwa deki (fungu la kadi) yake nyekundu, na kwenye soga akawa ananiandikia "pole mdogo wangu" kila zamu. Forge nitaiweka ya kujaribia deki intaneti ikikata. Swali la mwisho: kuna rafiki wawili wanataka Commander, ule mtindo wa Magic wa watu kadhaa meza moja. Wanne tunaenea?

MamaDeki:
Mnaenea. Ukifungua meza chagua wachezaji 4, kisha kila mmoja apandishe kihesabu chake cha uhai hadi 40. Hakikisheni deki zina kadi 100 kamili, na zaidi ya ardhi za msingi hakuna kadi ya kujirudia. Hilo mkaguane wenyewe mapema, hasa huyo wa deki nyekundu.