Naomba ushauri: utumishi wa Lugard kwenye makampuni, 1888–1892

Habari zenu wakuu. Naandaa jedwali la utumishi wa Frederick Lugard, ofisa na mtawala wa kikoloni wa Uingereza, nimekwama. Mwanzo uko wazi: ofisa wa jeshi tangu 1878. Mwisho pia: Nigeria Kaskazini 1900–1906, Hong Kong 1907–1912, kisha Nigeria hadi 1919. Tatizo ni Karonga (Malawi ya leo) 1888, alipopigana na Mlozi, mfanyabiashara wa watumwa, akiwa upande wa kampuni ya African Lakes Company, na Uganda 1890–1892, alipomsainisha Kabaka Mwanga wa Buganda mkataba akiwa mtu wa IBEAC (Imperial British East Africa Company). Hayo yalikuwa makampuni, ndiyo maana majalada ya Wizara ya Makoloni hayasaidii. CO 446, jalada la wizara hiyo kuhusu Nigeria Kaskazini, linaanza 1898.

Je, kwenye vita vya Mengo (makao ya Kabaka), Januari 1892, alihesabika bado ofisa wa jeshi? Na barua zake kwa IBEAC nianzie mafaili ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa kule Kew, London, au karatasi zake zilizoko maktaba ya Bodleian, Oxford?