Masomo ya awali ya kidato cha tano: je, ni haki wenye uwezo waanze Hisabati ya Juu kabla ya wenzao?

Mzazi wa Kibaha

Ndugu zangu, naomba tulijadili jambo hili kwa utulivu. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba, matokeo hutoka Januari, na kidato cha tano hakianzi hadi Julai. Katika miezi hiyo yote vituo vya mjini hufundisha masomo ya awali ya kidato cha tano, na mtoto aliyelipiwa ada huingia shuleni akiwa ameshasoma seti, mantiki na sehemu nzuri ya difrensiesheni. Hukaa dawati moja na mwenzake ambaye tangu Novemba hajashika kalamu kwa sababu alikuwa akisaidia nyumbani, nao wote wawili hukimbizana kuelekea mtihani uleule wa Mei wa kidato cha sita. Binti yangu anataka kusoma PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) na nina uwezo wa kumlipia, lakini swali langu linavuka mlango wa nyumba yangu: je, Serikali ivifunge vituo hivi, ivisimamie, au iwafungulie watoto wote shule mapema?

Mwalimu Chaki

Mzazi mwenzangu, ninafundisha Hisabati ya Juu katika shule ya bweni iliyo mbali na mji, na ninakuambia kwamba kuvifunga vituo hakutamsaidia mtoto yeyote. Mwanafunzi ninayemwona akihangaika mwezi wa Agosti ni yule aliyepata C ya Hisabati kidato cha nne bila kuzigusa sawasawa vekta, matriksi na trigonometria, kwa kuwa mada hizo ziko mwishoni mwa mtaala wa kidato cha nne na shule nyingi huzifikia wakati mtihani wa moko, yaani wa majaribio, umeshabisha hodi. Kituo humrukisha huyo mpaka kwenye difrensiesheni ilhali hajui kuitoa herufi moja katika fomula na kuiweka peke yake upande mmoja. Hisabati ya Ziada ya kidato cha nne, ambayo ingemwandaa vizuri, inafundishwa katika shule chache sana.

Kuhusu urefu wa mtaala, sisi tumeshapata njia. Katika Karatasi ya 2 ya mtihani wa kidato cha sita tunaiacha DE, yaani milinganyo ya mabadiliko, pamoja na sehemu ya pili ya jiometri ya majira ya nukta, tunawakomaza watoto katika trigonometria na aljebra, nao wanafaulu.

Fundi Mitambo

Nilikuwa nimekuja kuzungumzia vituo, lakini sentensi ya mwisho ya Mwalimu Chaki siwezi kuipita kimya. Kwa wasioufahamu mtihani wenyewe, Sehemu A ya Karatasi ya 2 ina maswali manne ya lazima yenye alama 60, ambayo kwa miaka ya karibuni yametoka katika uwezekano, mantiki, vekta na namba changamano. Sehemu B ina maswali manne, mtahiniwa huchagua mawili, na kila moja lina alama 20: trigonometria, aljebra, DE na hiyo jiometri ya pili. Ruhusa ya kuchagua alipewa mtahiniwa ndani ya chumba cha mtihani. Mwalimu anayemchagulia tangu kidato cha tano, kwa kutoifundisha kabisa mada iliyomo katika mtaala, anamwibia mtoto, na sitalitafutia tendo hilo jina laini.

Mimi ni mhandisi wa mitambo. Hakuna siku ninayofanya kazi bila milinganyo ya mabadiliko kuwa nyuma ya hesabu zangu, iwe ni joto linalopungua katika chuma au maji yanayotoka katika tangi. Mnampeleka kijana kusomea uhandisi huku mmemficha lugha ya uhandisi wenyewe!

Mpita Njia

Mbona mnapigana bure? Ninavyokumbuka, hata Karatasi ya 1 ilikuwa na maswali ya kuchagua, kwa hiyo kuacha mada kumekuwapo tangu enzi zetu na nchi haijakosa wahandisi. Aliyekwenda chuo atafundishwa hukohuko.

Mwalimu Chaki

Mpita Njia, huo mtihani wa enzi zenu siuzungumzii, bali Karatasi ya 1 ninayoifahamu ina maswali kumi na yote ni ya lazima. Huko hakuna pa kukwepea: kuna kikokotoo, programu mstari, takwimu, intigresheni na mengineyo, kila swali alama kumi.

Sasa nikugeukie wewe, Fundi Mitambo. Umeniita mwizi mbele ya watu. Ninafundisha michepuo ya Hisabati ya Juu, yaani PCM, PGM na EGM, na baada ya hapo ninawafundisha BAM, yaani hisabati ya msingi ya matumizi, watoto wa michepuo ya Biolojia, PCB na CBG, kwa kuwa hakuna mwalimu mwingine wa Hisabati wa kidato cha tano na cha sita katika shule hii. Wanafunzi wa kidato cha tano huripoti Julai, lakini wengine hufika Agosti wakisubiri nauli na mahitaji ya bweni. Ukiondoa likizo, moko na wiki za mitihani ya ndani, ile miaka miwili inayosemwa katika makaratasi haipo. Katika muda huo nina mtoto ambaye akipata alama 34 anahesabiwa F, akipata 40 anapata E ya ufaulu kamili, nami ndiye ninayeamua saa za mwisho ziende wapi. Ninazipeleka pale atakapopata alama za kumfikisha chuo. Wewe uliyekaa ofisini unaweza kuliita tendo hilo wizi, lakini wazazi wa hapa wanaliita msaada, na sitaomba radhi kwa mtoto wa mkulima aliyeingia chuo kikuu.

Dada Nukta

Shikamoo Mwalimu, na shikamooni nyote mlionitangulia. Nimesoma shule iliyoacha DE kama yenu, nikapata B ya Hisabati ya Juu, na sasa nasomea uhandisi wa umeme. Walimu wangu ninawaheshimu, na najua kwamba bila wao nisingefika hapa. Hata hivyo, naomba mnisikilize juu ya jambo ambalo halijatajwa: pengo lilinifikia nikiwa bado kidato cha sita, katika Fizikia. Tulipofika kwenye mionzi tuliambiwa kwamba kasi ya kupungua kwa viini inawiana na idadi ya viini vilivyobaki, kisha fomula yenye namba *e* ikaandikwa ubaoni tuikariri. Vivyo hivyo kwa kapasita inayopoteza chaji kupitia ukinzani, na kwa kanuni ya Newton ya kupoa kwa joto. Niliyaona kama mambo matatu yasiyohusiana, nikayakariri mara tatu. Yote matatu ni mlinganyo mmoja wa DE, ule wa kwanza kabisa kufundishwa, na kumbe ningeusoma katika kipindi cha Hisabati ningekuwa nimepunguza mzigo wa Fizikia.

Mwaka wa kwanza wa chuo haukuanzia pale nilipoishia. Mhadhiri alichukulia kwamba sote tunaijua DE ya kidato cha sita, akaipitia kwa haraka na kuendelea mbele. Wenzangu waliotoka shule zilizomaliza mtaala walikuwa wakifanya marudio huku mimi nikijifunza upya, na hakuna cheti kinachoonyesha tofauti hiyo, maana B yangu na B yao zimeandikwa sawa. Kwa hiyo Mpita Njia, chuo hakifundishi hukohuko.

Mgeni wa Voi

Hujambo Dada Nukta, na nyote hamjambo. Huku Kenya tuliifuta kidato cha tano na cha sita pale mfumo wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo) ulipoingia, na kalkulasi kidogo (difrensiesheni na intigresheni) ikasukumwa hadi kidato cha nne. Katika Karatasi ya 2 ya KCSE, mtihani wetu wa kidato cha nne, sehemu ya pili ina maswali manane na mtahiniwa huchagua matano, na nimeona shule zinazoacha intigresheni kwa hesabu hiyohiyo ya Mwalimu Chaki. Sasa tumeanza shule ya sekondari ya juu kwa mtaala mpya, ambapo hisabati kamili ni ya wanafunzi wa mkondo wa sayansi na wengine wanapewa hisabati ya msingi. Ninachotaka kusema ni kwamba karatasi ya mtihani yenyewe ndiyo inayomfundisha mwalimu aache nini. Badilisheni karatasi, na mwalimu atabadilika bila kutukanwa.

Fundi Mitambo

Sikumtukana mtu, na sikukaa ofisini. Karakana yangu ina joto kuliko darasa lolote. Nilisoma shule ya kata isiyokuwa na mwalimu wa Fizikia kwa mwaka mzima, kwa hiyo nisihubiriwe kuhusu uhaba. Ninalikubali jambo la Mgeni wa Voi. DE ihamishiwe Sehemu A, iwe ya lazima, na mantiki iende kwenye kuchagua, kwa sababu mhandisi anaweza kuishi bila majedwali ya kweli na uongo.

Mwalimu Chaki

Mantiki ndiyo alama za uhakika za mtoto dhaifu, halafu wewe unataka kumwondolea! Ukiifanya DE kuwa ya lazima kabla ya kunipa mwalimu wa pili, utakuwa umeongeza F na hutakuwa umeongeza mhandisi hata mmoja. Ila maneno ya Dada Nukta kuhusu mionzi na kapasita ni mazito. Milinganyo ya aina ile, ambayo unatenganisha herufi mbili na kuzifanyia intigresheni pande zote, inaweza kufundishwa papohapo intigresheni inapoisha, bila kusubiri mada nzima ifike zamu yake. Hilo linawezekana hata kwangu, na muhula ujao nitalipanga pamoja na mwalimu wa Fizikia.

Mzazi wa Kibaha

Nimesoma yote, na vituo nilivyoviulizia vimesahaulika, lakini nimepata hofu mpya. Matokeo ya shule huchapishwa kwa madaraja, nami nimekuwa nikichagua shule kwa kutazama madaraja hayo. Nitajuaje kama A za shule fulani zimepatikana kwa mtaala wote au kwa mtaala uliokatwa?

Dada Nukta

Omba kuona daftari la mwanafunzi wa kidato cha sita mwezi wa Machi, utafute DE na duaradufu ya ile jiometri ya pili. Kama hazipo mwezi huo, hazitafundishwa tena.

Mwalimu Chaki

Tena ufanye hivyo hata kwangu. Na kuhusu binti, miezi hii mpe vekta, matriksi, trigonometria na programu mstari za kidato cha nne, maswali machache kila siku, ayaandike kwa hatua zote hadi jibu. Kituo unaweza kumlipia au kuacha.